Mizabibu, miembe na geti jipya: shajara ya kikundi chetu cha kujitolea, Dodoma

14 Juni

Barua ilimfikia mwenyekiti jana jioni na leo imesomwa mbele ya wote. Kuanzia Julai Mosi eneo la bustani tunayoitunza lina msimamizi mpya. Upande wa mashariki, wenye mizabibu, "utapangiwa matumizi mengine baada ya mavuno ya msimu huu". Neno kung'oa halimo, ila hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wapima walishapita. Vigingi vyenye vichwa vyekundu vimesimama kati ya mstari wa nne na wa tano, na kimoja kimepigwa juu ya mpira wetu wa kumwagilia kwa matone, maji yanavuja mchana kutwa.

Kwa mwanachama mpya atakayeanza kusoma hapa: bustani ipo kaskazini mwa mji, ndani kidogo kutoka barabara ya Arusha. Msiichanganye na kituo cha Makutupora cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), ambacho ni cha utafiti. Hii yetu ni ndogo. Ilianza kama bustani ya nyumba, ikakua kwa sababu kila aliyewahi kukaa pale alipanda alichokipenda. Ipo mizabibu ya mvinyo, yaani Makutupora Red, Chenin Blanc na Syrah. Zipo na zabibu za kula: Black Rose, Queen of Vineyard, Alphonse Lavallée, Ruby Seedless. Hizi za kula mkulima wa kawaida hana haraka nazo, maana mnunuzi wake mkubwa ni kiwanda, na kiwanda kinataka ya mvinyo. Upande wa magharibi kuna miembe ya zamani (dodo, bolibo, sindano, viringe), mikomamanga, mitini, na matunda ya kwetu ambayo hakuna aliyeyapanda: mkwaju, mbuyu, mng'ongo, mkunazi.

Kikundi hakimiliki hata mti mmoja. Tunapalilia, tunapogolea, tunamwagilia, tunaandika vibao, tunawatembeza wanafunzi. Basi.

21 Juni

Kikao chini ya mkwaju. Kirefu, chenye kelele, na chai iliisha kabla ya hoja.

Kambi ya kwanza inataka tupande kwa mkuu wa mkoa, tuite waandishi, tubandike mabango. Kambi ya pili inasema tukubali yaishe. Dodoma imebadilika, shamba la mtama la jana leo ni kiwanja chenye hati. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, na kwa miaka mingi watu waliuchukulia kama ahadi ya mjomba. Kisha 2016 serikali ikaanza kuhama kweli, 2017 CDA, mamlaka iliyokuwa ikiendeleza makao makuu, ikavunjwa, 2018 mji ukawa jiji. Bei ya ardhi haikusubiri mtu amalize kupalilia.

Mwalimu mstaafu wa kilimo ndiye aliyetuliza kikao. Alitueleza habari za Brogdale, nje ya mji wa Faversham, katika jimbo la Kent, Uingereza. Pale kuna mkusanyiko wa taifa wa matunda: tofaa peke yake zaidi ya aina elfu mbili, halafu mapeazi, plamu, cheri. Kuna na kikundi cha marafiki wanaojitolea kama sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali yao ilitaka kukiacha kituo kile. Kikanusurika, lakini kwa mpangilio ambao mwalimu alituchorea chini kwa kijiti: miti ni ya serikali, ardhi ni ya mwenye ardhi, na utunzaji umepewa Chuo Kikuu cha Reading. Mikono mitatu. Marafiki hawamo katika mkono wowote kati ya hiyo, ila bado wapo.

"Sasa sisi," akasema, "tunagombania mkono upi?"

Hakujibiwa. Mimi nimeandika msimamo wangu hapa ili baadaye nisije nikasema nilikuwa na mwingine: ardhi hatuipati. Barua za malalamiko ziandikwe na wanaoziamini, lakini kazi ya kikundi kuanzia leo iwe kutengeneza nakala ya kila aina, na kuitoa nje ya uzio kabla ya mtu yeyote kuleta trekta. Mkusanyiko uliopo mahali pamoja tu ni wa kuazima, hata kama aliyekuazima ni mtu mwema.

Imepita kwa kura. Si kwa kura nyingi.

4 Julai

Tumekutana na msimamizi mpya. Kijana kuliko tulivyotarajia, buti safi, daftari mkononi. Alitusalimia wazee kwanza, mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mmoja, na hilo lilipunguza moto kidogo.

Masharti yake: kuingia Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, majina yaachwe getini, wanafunzi waje kwa barua ya shule, zana zetu zitoke kwenye stoo kabla ya mwisho wa mwezi. Jumamosi geti limefungwa.

Jumamosi ndiyo siku yetu. Wenye ajira hawana siku nyingine. Mama mhazina akamweleza hivyo, kwa adabu lakini bila kuzunguka. Kijana akasikiliza, kisha akauliza swali lililotembea nasi hadi kituo cha daladala: "Wazee wangu, mnachotunza hasa ni nini? Kama ni mahali pa kukutana Jumamosi, mji huu una mahali pengi. Kama ni miti, nileteeni orodha. Ipi, iko wapi, na kwa nini huo na si mwingine."

Mama mhazina amekasirika mpaka sasa. Anasema ni dharau. Mimi naona ni swali ambalo mfadhili yeyote, mwalimu yeyote, angeuliza, na kwamba orodha tuliyo nayo haiwezi kulijibu. Tuna daftari la zamani lenye jalada la bluu, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, na vibao vya mbao ambavyo nusu yake rangi imebabuka. Mti wenye jina lisilothibitika ni mti tu.

19 Julai

Baridi, upepo, vumbi hadi kwenye meno. Geti limefungwa, tumekutana nyumbani kwa mwenyekiti. Kazi ya leo ni ya mezani.

Tumekubaliana namba kwanza, jina baadaye. Kila mzabibu umepewa herufi ya mstari na namba. Kijana wetu wa chuo alitaka kila mmoja uwe na msimbo wa QR, mtu anaelekeza simu anasoma historia. Mzee wetu wa mizabibu akamwambia, "Mjukuu wangu, jua la Dodoma halisomi, linafuta." Tumekata makopo ya soda kuwa vipande, tunakwaruza namba kwa msumari, tunatoboa tundu na kufunga kwa waya uliolegea ili usikate gome. Haichakai, haifutiki, na bei yake ni soda uliyokwisha kunywa. Kijana atatengeneza na misimbo yake pia, lakini kwenye karatasi, kwenye faili.

Miembe tumeiachia mwalimu. Inatoa maua sasa.

9 Agosti

Baadhi yetu tulikuwa Nane Nane, Nzuguni. Msongamano wa kawaida, ila kwenye mabanda ya miche tulipata majibu. Tulitaka kujua kwa nini tusichukue mbegu tu tukaziweka kwenye chupa. Swali hilo huulizwa na kila mgeni bustanini.

Naliandika jibu lote ili tusirudie. Mbegu ya zabibu haizai mama yake. Panda mbegu ya Syrah upate mzabibu, ndiyo, lakini si Syrah. Kila punje ni mtoto mpya mwenye sura yake. Aina hudumu kwa pingili tu, tawi lililokatwa na kuoteshwa, ambalo ni mmea uleule umeendelea mahali pengine. Kwa embe ni kubebesha kikonyo, yaani kijitawi kilichokatwa kwenye mwembe mama, juu ya mche. Na kokwa la embe likikauka limekufa, halikubali kuhifadhiwa miaka. Ndiyo maana hata lile ghala kubwa la mbegu la Svalbard kule Norway, lililofunguliwa 2008, ambalo watu hulitaja kana kwamba limemaliza shida zote za dunia, haliwezi kutuwekea bolibo. Linapokea mbegu zinazovumilia kukaushwa na kugandishwa. Matunda kama haya hutunzwa yakiwa hai, ardhini, yakinywa maji kila wiki. Mwongozo wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wa 2014 kuhusu hifadhi za vinasaba vya mimea unataka mkusanyiko wa shambani uwe na nakala mahali pengine. Mwalimu ameuchapisha ukurasa huo na kuupigia mstari kwa kalamu nyekundu, kwa ajili ya wale wa kambi ya mabango.

29 Agosti, Ijumaa

Siku niliyoingojea. Zabibu zimeiva, na ndio wakati pekee wa kulinganisha jina na tunda. Wachache wameomba ruhusa kazini. Getini tumeandika majina, mlinzi akamwamkia mzee wetu kwa Kigogo, "Mbukwa," mzee akaitikia, na toka hapo mlinzi amekuwa mtu wetu.

Mzee hakuanza na tunda. Sisi sote tulikimbilia vishada, yeye akasimama nyuma. "Ukianza na tunda, rangi itakudanganya." Akachuma jani kutoka katikati ya tawi, si la ncha, si la chini. Akaligeuza. Akapitisha kidole gumba upande wa chini, polepole, kutoka kwenye kijiti kwenda pembeni, kusikia kama lina vinyoya au ni laini. Akatazama pale jani linapokutana na kijiti, kama pengo liko wazi au masikio yamepandana. Ndipo akanyanyua kishada: kimebana au kimelegea? Chenin Blanc hubana mpaka punje zinasukumana, na zikipasuka kishada kizima kinaoza. Halafu punje: mviringo au yai? Mwisho kabisa, ulimi na mbegu.

Mstari wa sita kibao kinasema Alphonse Lavallée. Mzee akapasua punje kwa ukucha, akanyoosha kiganja. Haina mbegu. Alphonse Lavallée ina punje kubwa nyeusi zenye mbegu. Hii ni nyekundu na tupu ndani. Tukavuka mstari wa saba ulioandikwa Ruby Seedless, tukapasua: mbegu. Vibao vilibadilishana mahali, hakuna anayekumbuka lini. Wanafunzi wangapi wameandika vile kwenye madaftari yao.

Queen of Vineyard haikuhitaji mjadala, harufu yake ya miski unaisikia kabla hujafika. Asili yake ni Hungary, sijui hapa ilifuata nini.

Umebaki mzabibu mmoja mwisho wa mstari wa tisa. Mweusi, punje ndogo, kishada kirefu kilicholegea. Mzee amerudi kwake mara kadhaa. Hakusema jina. Nilimbembeleza akisie, akakataa: "Nikikisia wewe utaandika." Umeandikwa I-14, bila jina, na kwangu huo ndio umekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kunakiliwa.

Orodha amekabidhiwa msimamizi. Aliisoma yote, akiwa amesimama. Akauliza kuhusu I-14.

13 Septemba

Mambo ya kikundi, kwa ufupi, kwa sababu yananichosha.

Wameondoka wengine. Hawakugombana na mtu. Jumamosi imekufa na wao wana kazi. Kundi la WhatsApp limejaa salamu za asubuhi na picha za maua ambayo si yetu. Waliobaki wameamua tuandike katiba upya na tujisajili kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa jiji, ili barua zetu ziwe na mhuri. Katiba ya zamani inasema lengo letu ni "kuitunza bustani". Mpya inasema "kutunza aina za matunda na kumbukumbu zake popote zilipo". Tumebishana juu ya "popote zilipo" kuliko kifungu cha fedha. Wenzetu wanaoipenda bustani yenyewe, kivuli chake na benchi lake la tofali, wanaona tumeshaiuza kwa kalamu. Siwalaumu. Mama mhazina alilia kidogo, kisha akasaini.

Swali lingine: nakala ni za nani? Tumeamua hivi. Mahali panapopokea mche ndipo penye mti. Sharti ni moja: mwenzake katika orodha akiomba pingili, asinyimwe.

27 Septemba

Wenyeji watatu wamekubali kwa maandishi: shule ya sekondari yenye kisima, nyumba ya watawa yenye bustani iliyozungushiwa ukuta, na shamba la mwanachama wetu huko Hombolo. Tumechagua maji kwanza, mapenzi baadaye. Wapo waliotupenda sana lakini Oktoba yao haina hata ndoo.

Miembe haihami. Mwalimu ameanza kubebesha: ameondoa majani kwenye vikonyo siku saba hadi kumi kabla ya kuvikata ili macho yavimbe, kisha anavifunga kwa nailoni juu ya miche. Ana mikono ya daktari wa meno na ulimi wa kondakta. Wanaomsaidia wanatukanwa kwa ustaarabu.

Habari njema ambayo sikuitarajia: mkwaju na mbuyu vinabaki. Ramani mpya ina maegesho pale, na magari yanahitaji kivuli. Sababu yoyote inatosha.

10 Oktoba, Ijumaa

Mavuno yameisha, maji yalikatwa mapema ili mizabibu ipumzike. Hapa hatuna majira ya baridi ya kuilaza, inalazwa kwa kiu na kuamshwa kwa mkasi. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Na ndiyo maana pingili hukatwa sasa: matawi yamekomaa, yamekuwa ya kahawia, na yangetupwa hata hivyo.

Utaratibu tulioufuata, kwa atakayerudia: tawi la unene wa penseli, lisilo na madoa ya ubwiri. Macho matatu au manne. Chini kata mlalo, karibu kabisa chini ya jicho. Juu kata mshazari, kidole kimoja juu ya jicho. Huo mshazari ni wa kukujulisha upande wa juu ni upi, maana pingili ikipandwa kichwa chini haikuambii, inakaa tu inakausha. Macho mawili yaingie udongoni. Udongo ni wa juu, mchanga na samadi iliyooza kweli, si ile inayofuka. Mkasi ulifutwa kwa spiriti kila tulipohama mstari, ili tusisafirishe ugonjwa pamoja na jina.

Kila aina ilifungwa fungu lake kwa kitambaa na kipande cha kopo ndani, kisha gunia bichi, kisha guta. Mwenye guta aliuliza kama ni kuni. Msimamizi alitoa vijana wake wawili watusaidie kubeba, bila kuombwa.

I-14 ilikatwa na mzee mwenyewe. Mafungu matatu, kila mwenyeji lake.

8 Novemba

Ripoti ya vitalu. Kwa watawa: nzuri sana, machipukizi karibu kila kiriba. Masista wana kivuli cha neti na ratiba ya maji ambayo haibishaniwi. Hombolo: mchwa wameingia upande mmoja, majivu yamesaidia kiasi, na viriba vimepandishwa juu ya matofali. Shuleni: mbuzi. Waliingia wakati wa likizo fupi kupitia uzio wa michongoma uliokuwa umefunguliwa na mtu aliyetaka njia ya mkato. Wamekula Black Rose yote, wakaacha Syrah. Tumerudisha Black Rose kutoka kwa watawa, na hapo hata mama mhazina alikiri kwamba sehemu tatu si anasa.

Upande wa mashariki mistari minne ya mwanzo imeng'olewa Jumanne. Sikwenda. Mwenyekiti alikwenda, akapiga picha za kila kisiki na namba yake, zimo kwenye faili.

13 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha juzi usiku. Miche ya watawa inahamishiwa ardhini wiki hii, ya Hombolo wiki ijayo mvua ikiendelea, ya shule baada ya uzio kuzibwa, si kabla.

Ya kufanya:

Mwalimu akague miembe aliyobebesha. Ile ya viringe haijashika na itarudiwa.

Kijana wa chuo ahamishe daftari la bluu lote kwenye kompyuta, na makosa yake. Tusiyasahihishe kimyakimya, tuandike pembeni nani alibadilisha nini na lini.

Msimamizi ameuliza kama tunaweza kuandika vibao vya miti inayobaki, kwa gharama zake, na kuwatembeza wageni Jumatano moja kila mwezi. Jibu litolewe kikaoni. Mimi nitapiga kura ya ndiyo. Najua wanne watakaopinga, na mmoja wao ana hoja.

I-14 imechipua kwa wenyeji wote watatu. Tunda litasubiriwa. Mzee ameomba aitwe, siku hiyo, kabla mtu hajaonja.

Guta linapakia Jumatatu saa moja asubuhi kutoka kwa watawa. Mwenye majembe ya ziada aje nayo, na dumu.